Kinyaa cha Bwana Lwehabura

1

Fausta alikuwa ameshatapika mara mbili, na Bwana Lwehabura hata mzunguko wa kwanza juu ya ziwa alikuwa hajaumaliza.

Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki ndani ya banda la wapokezi, ndoo ya majivu katikati ya miguu, kongwa shingoni. Huko juu, panzi mwekundu, kindege cha bosi wake, alijilaza ubavu, akajitupa chini kama jiwe lililoponyoka mkononi, kisha akainuka tena kulielekea jua. Redio ya bandani ilileta mluzi, mluzi wa mtu anayenyoa ndevu siku ya mapumziko. Mluzi ulikuwa wa bosi. Utumbo uliopanda na kushuka ulikuwa wa Fausta.

"Amekula nini leo?" aliuliza Yasinta, mkubwa wa wapokezi, bila kuinua macho kwenye ndoo alizokuwa anasuuza.

"Mayai, dada. Mayai na mtindi."

"Mtu mzima na akili zake anakunywa mtindi halafu anakwenda kupindua tumbo angani!"

"Si anapindua la kwangu."

"Ndiyo maana anaongeza kikombe cha pili." Yasinta alicheka kicheko chake kikavu. "Sisi, mdogo wangu, ni ndoo zenye majina. Tofauti ni kwamba hizi zinaoshwa kila siku."

Kwenye karatasi walizotia sahihi, kitu kile kiliitwa Mkufu wa Utulivu. Wapokezi walikiita kongwa, na hakuna aliyewafundisha. Lilikuwa pete ya chuma chepesi, na upande wa ndani, panapogusa uti wa mgongo, palikaa tezi. Tezi ilikuwa hai. Ilikuzwa ndani ya chupa huko mbali, ikaletwa imefungwa kwenye pamba yenye maji, laini, ya uvuguvugu, kama konokono aliyevuliwa gamba. Rubani alibandikwa vifungo viwili vya gundi nyuma ya masikio. Woga wake, kizunguzungu chake na kinyaa chake vilitokea hapo, vikarushwa na mnara wa kilabu, vikatua kwenye tezi, na kutoka kwenye tezi vikamwingia mpokezi. Kwa njia hiyo daktari wa meno au mstaafu wa bandari aliweza kujinunulia ndege ya bomba na kitambaa, mota ya betri, uzito wake wote hauzidi ng'ombe mmoja mnono, akajifunza kuirusha kwa siku nne. Kinachowachelewesha watu kujifunza kuruka, walisema, ni tumbo tu.

Kabla ya kuruka palikuwa na desturi moja. Rubani na mpokezi waligawana kipande kimoja cha tangawizi, wakakitafuna wakitazamana mpaka midomo miwili iwe na ladha moja. Bila hivyo tezi haishiki. Na baada ya kutua, kongwa lilitumbukizwa kwenye maji ya chumvi kwa robo saa, mabaki yote yakayeyuka humo. Maji ya chumvi huilaza tezi. Chumvi kavu huiua, kama inavyomuua konokono, na kilichobaki ndani yake humrudia mwenyewe papo hapo, na tezi moja ilithaminiwa kuliko banda zima pamoja na watu wake.

Fausta hakuwa msemaji. Alikuwa mtazamaji. Miaka mitatu ya kumpokea Bwana Lwehabura ilimfanya amjue kama mtu anavyoijua njia ya kisimani usiku wa giza. Woga wa mtu yule ulianzia kwenye visigino, baridi. Kinyaa chake kilikuja na ladha ya sarafu kuukuu chini ya ulimi.

Saa nne na nusu, sarafu ile ikaja.

Haikuja kama siku zote. Panzi akimgonga heroe, yule ndege wa ziwani mwenye miguu mirefu, kinyaa huja na kuondoka, kama mtu aliyekanyaga kinyesi cha kuku akafuta kiatu kwenye nyasi. Hiki kilimjaa kinywani, kikashuka kooni. Mluzi ulikatika. Fausta alishika kingo za kiti. Kikapungua. Akavuta pumzi, akadhani kimeisha. Halafu kikarudi, mara hii pole pole, kirefu, bila woga wowote ndani yake, na hicho ndicho kilichomfanya ainamie ndoo akatoa povu la njano, maana ndani hakukuwa na kitu kingine cha kutoa.

"Kagonga ndege," alisema Yasinta, akimshika mgongo.

"Amerudi kutazama."

"Nini?"

"Kimekuja mara mbili, dada. Ya kwanza aligonga. Ya pili aligeuza panzi, akarudi, akazunguka juu yake akitazama." Fausta alijifuta mdomo kwa mkono. "Mtu harudi kumtazama heroe."

Redioni, mluzi ukaanza tena pale pale ulipokatikia.

2

Bwana Lwehabura alitua vizuri, akashuka, akajinyoosha mgongo, vifungo bado nyuma ya masikio. Alikuwa mkandarasi wa barabara, mnene wa kifua, mcheshi, mtu wa kukumbuka majina ya watoto wa watu. Siku ile ya Jumanne alikuwa peke yake uwanjani. Panzi wengine wanne walikuwa wamevuliwa betri zinachajiwa.

"Fausta binti yangu! Leo umenibeba kweli kweli. Sikuhisi hata tone."

"Pole na safari, bosi."

Fausta alikuwa anatazama gurudumu la kulia, moja ya yale magurudumu manene ya upepo yanayotua hata kwenye tope. Kwenye bomba lililolishika palikuwa pamenasa kitu. Bwana Lwehabura naye akakiona. Akainama, akakinyofoa kwa vidole viwili kama mtu anayetoa jani kwenye suruali, akakitupa nyuma ya bega. Akafuta vidole kwa kitambaa chake cheupe. Kisha, kwa kitambaa kile kile, akafuta mdomo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia ya kongwa ambayo haikuandikwa kwenye karatasi. Kinyaa cha rubani hakikumrudia haraka. Mpaka jioni, wakati mwingine mpaka kesho yake, alikuwa mtu asiyeweza kuchukizwa na kitu.

"Heroe," alisema. "Mkubwa hivi. Maskini." Akaenda zake kwenye jiko la mkaa ambako mpishi wa kilabu alikuwa amemwekea maini, akachukua kijiti kizima, akaanza kula damu ikimchirizika kwenye kidevu.

Fausta alikwenda kwenye nyasi akakiokota. Misuko mitatu ya nywele, imefumwa kwa uzi wa sufu wa buluu, na mwisho wake kipande cha ngozi ukubwa wa ukucha.

Hakuhitaji kuambiwa. Kila alfajiri wanawake wa Kidatoga waliingia ziwani kwa miguu, maana Ziwa Gidamur kiangazi lilikuwa ganda jeupe tu lenye tope chini yake, wakachimba magadi, wakarudi na mizigo kichwani kabla ya adhuhuri. Na marubani wa kilabu walikuwa na mchezo wao walioupa jina: kulaza. Unashuka mpaka magurudumu yanakaribia ganda, unawafuata wachimba magadi, wanatupa mizigo, wanalala kifudifudi. Aliyelaza wengi kwa mpigo mmoja alinunuliwa bia. Fausta alikuwa ameshapokea michezo hiyo mingi. Hakuwahi kupata ladha yoyote kutoka kwa bosi wake wakati wa kulaza. Hata bila kongwa, alifikiri, huenda ladha hiyo isingekuwepo.

3

Yasinta alikuja mbio na ndoo ya maji ya chumvi, kama alivyokuja kila siku. "Vua, vua upesi mdogo wangu, umegeuka rangi. Tumbukiza kiyeyuke, ukapige uji."

Fausta alilishika kongwa kwa mikono miwili. "Nikitumbukiza, kinapotea."

"Si ndiyo raha yenyewe?"

Akamwonyesha misuko. Yasinta aliitazama kwa muda, akaiweka ndoo chini taratibu sana, asije akamwaga hata tone.

"Wako walinzi wa ziwa," alisema.

"Wako wapi? Wakipigiwa sasa hivi, watafika alasiri. Na watatafuta wapi? Ziwa lina urefu wa kilomita sitini, dada. Gari likiingia linazama. Na kile kisanduku cha kumbukumbu za njia bosi alikizima, kama wanavyokizima wote."

"Tumuulize tena."

"Alishajibu. Atajibu heroe mpaka kesho, na hadanganyi kwa shida, hana kinachomsumbua. Kinachomsumbua kiko hapa." Aligusa shingo.

Nyuma ya kongwa, chini ya kifuniko kidogo kilichofungwa kwa waya na lakiri, palikuwa na kitasa cha fundi. Kikisukumwa mbele, rubani humpa mpokezi. Kikivutwa nyuma, mpokezi humrudishia rubani. Lakiri ile ikivunjwa na mkono usio wa fundi, mpokezi hufukuzwa na kushitakiwa, kwa sababu rubani mmoja wa kilabu cha mbali, ambako makongwa hayakuoshwa, alirudishiwa vyake vya mwaka mzima kwa dakika moja akajirusha kisimani. Wote walisomewa habari hiyo siku ya kuajiriwa.

"Nisikilize," Yasinta alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mimi simpendi yule. Lakini kumwingizia mtu kitu moyoni bila ridhaa yake, sicho wanachotufanyia sisi? Na wewe ulitia sahihi. Yeye hakutia."

Neno lile lilikuwa na uzito, Fausta akalipa muda wake. Alimtazama bosi kule jikoni akilamba vidole. Akafikiria jua la saa tano juu ya ganda jeupe, ambako hata nzi huwahi kufika kabla ya mtu.

"Nitamuuliza mara moja kwanza," alisema. "Akisema, sivunji."

4

Alisimama mbele yake na misuko kiganjani. "Bosi, huyu mama yuko upande gani wa ziwa?"

Bwana Lwehabura alitazama kiganja, akatafuna, akameza. "Aa, hilo." Akatabasamu kama mtu aliyekamatwa akichungulia sufuria. "Hakuinama. Wenzake wote waliinama, wakakimbia. Yeye alisimama tu, ananionyesha mpini wa sururu. Ungefanyaje?"

"Yuko hai?"

"Mara ya pili alikuwa anatikisika tikisika. Mguu uliangalia kwingine." Alinyoosha mkono kuchukua kijiti cha pili. "Wenzake watarudi kumchukua. Au hawatarudi. Fausta, usijitie kwenye mambo yatakayokuumiza kichwa. Nenda kalale."

"Upande gani, bosi?"

"Kula ini."

Akamsogezea kijiti mpaka mdomoni, kwa ukarimu kabisa, bila ubaya wowote, na harufu ya damu mbichi na moshi ikampanda Fausta puani. Alipeleka kidole nyuma ya shingo. Waya ulimkata ukucha. Lakiri ikavunjika kama ganda la yai, akakivuta kitasa nyuma.

Kwanza akahisi tezi inajikunja, kama ulimi wa mtu mwingine uliogusa shingo yake. Kisha kila kitu kikamtoka. Sarafu ikatoka chini ya ulimi, tumbo likatulia, masikio yakazibuka. Hakujua kwamba alikuwa amebeba vingi kiasi kile. Alijisikia mwepesi mpaka akaogopa.

Bwana Lwehabura aliacha kutafuna. Alikitazama kitambaa chake. Akautazama mkono wake wa kulia, vidole viwili, akaunyoosha mbali na mwili kama haukuwa wake. Maini yakarudi. Yalirudi juu ya shati, juu ya viatu, juu ya jiko, na mkaa ukafuka moshi wa kunuka. Akapiga magoti akijisugua mdomo kwa mchanga.

"Toa! Toa! Mungu wangu, ngozi ilikuwa mkononi! Fausta, chukua, nakuomba chukua!"

"Yuko wapi?"

"Nimejifuta nayo mdomo..."

"Bosi. Yuko wapi?"

"Kusini! Penye mawe matatu meusi, yanakochemka maji! Chukua sasa, nimesema, chukua!"

Hakuuliza jina la mama yule. Hakuuliza kama anaumia. Alilia kwa ajili ya mdomo wake. Fausta alikuwa ametegemea kitu kingine, ingawa hakujua kitu gani. Alidhani kinyaa na huruma vinakaa nyumba moja, kwamba ukimpa mtu kimoja, kingine kitafuata. Kumbe ni majirani tu, na siku nyingine hata hawasalimiani.

Yasinta alikuwa ameshashika simu, anawapigia walinzi na gari la wagonjwa lije uwanjani. "Lakini nani atamtoa mle?" aliuliza akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Kwa miguu ni siku nzima."

Wote wawili walimtazama rubani pekee aliyekuwepo. Alikuwa ananing'inia kwenye ukingo wa pipa, anatetemeka. Vile alivyo, asingeweza kurusha hata kishada.

Fausta aliokota kipande cha tangawizi mezani, akakivunja. "Tafuna, bosi. Nitakubeba. Lakini nakwenda na wewe."

5

Alirudisha kitasa mbele, na vyote vikamrudia njiani kwenda kwa panzi, vizito zaidi kwa sababu sasa alijua ukubwa wake. Alijifunga kwenye kiti cha nyuma. Hakuwahi kupanda. Miaka mitatu alikuwa ameruka kwa tumbo, leo aliruka kwa mwili wote, akiwa na woga wa watu wawili. Ziwa lilifunguka chini yao, jeupe, limepasuka pasuka kama kisigino.

Bwana Lwehabura alishaanza kupata nafuu. Baada ya dakika tano alikuwa mchangamfu. "Unaona uzuri huu? Na watu wanakaa chini!" Akalaza panzi ubavu ili amwonyeshe vizuri, mabawa ya kitambaa yakapiga kelele.

"Nyoosha, bosi. Kidole changu kiko kwenye kitasa."

"Ninanyoosha, ninanyoosha." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga ratiba, "Unajua, tukizunguka zunguka kama nusu saa hivi, jambo lenyewe litakuwa limejimaliza. Hakuna kesi ya mguu. Hakuna maneno. Wewe na Yasinta mtasema mlimkuta hivyo hivyo. Nakuambia kwa faida yako."

Hakukuwa na chuki katika maneno yale, na ndiyo maana yalinuka. Fausta alitapika pembeni, upepo ukamrudishia nusu usoni, na kidole chake hakikuondoka kwenye kitasa mpaka mawe matatu yalipoonekana.

Mwanamke alikuwa amejiburuta mpaka kwenye kivuli cha jiwe. Mzee kiasi, mwembamba, bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Kichwani upande mmoja palikuwa wazi, pekundu, pamepakwa magadi, maana alikuwa ameyatumia kuzuia damu. Nzi walimjaa. Mguu wa kushoto uliangalia kwingine, kama alivyosema bosi. Mkononi alikuwa bado na mpini wa sururu.

"Shikamoo mama. Naitwa Fausta. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba." Macho yalimpita Fausta, yakatua kwa mtu wa nyuma. "Na huyo?"

"Huyo ndiye."

"Mwambie asogee," alisema mama, taratibu. "Mimi naitwa Udagwenga. Hakunilaza."

Walimfunga mguu kwa mpini wake mwenyewe, wakambeba mpaka kwenye kiti cha nyuma. Bwana Lwehabura alisaidia vizuri. Mikono yake haikutetemeka. Alipogusa kichwa kile kibichi aliendelea kusimulia habari za betri. Akapanda mbele, akavuta mkanda.

"Panzi habebi watatu," alisema. "Utatembea, au Yasinta atakuletea punda. Sisi tutangulie. Usijali, mnara unafika huku, utanibeba vizuri tu."

Fausta alisimama kando ya bawa. Alifikiria kilomita arobaini za hewa kati ya mawe yale na uwanja, rubani asiye na kitu ndani, mzigo usioweza kujitetea, na mkanda mmoja unaofunguka kwa kidole gumba. Akafikiria upande wa pili: rubani mwenye woga, ambaye hakuwahi kuruka na woga hata siku moja. Huyu angeweza kuanguka. Yule angeweza kutupa. Yasinta angesema nini? Lakini Yasinta hakuwepo, na jua lilikuwa linapanda.

Alivua kongwa. Akapiga magoti, akachota konzi ya magadi makavu, chumvi ya ziwa, pale chini, penye wingi wake.

"Fausta," alisema Bwana Lwehabura. "Unafanya nini? Fausta! Sijui kuruka bila hilo!"

"Unajua, bosi. Mikono yako inajua. Sasa utajua na tumbo."

Akaimiminia tezi. Ilijikunja, ikatoa povu la kijivu, ikajaribu kujificha ndani ya chuma, haikuwa na mahali. Ikanywea mpaka ikawa kama kipande cha ngozi ya kuku kilichosahauliwa juani. Ilinuka vibaya. Bwana Lwehabura akashika usukani kwa mikono miwili, na uso wake, pole pole, ukawa uso wa mtu. Aligeuka akamwona aliyeketi nyuma yake. Akamwona kweli. Akafumba macho, akayafumbua.

"Ruka," alisema mama Udagwenga, akimgonga bega kwa kidole chenye damu. "Na usinitikise."

Panzi aliondoka akiyumba, akagusa ganda, akainuka, akazama kidogo, na Fausta akauma kiganja chake. Kisha mabawa yakanyooka. Alikwenda chini chini, pole pole, bila mluzi wala mbwembwe, kama mtu anayevuka chumba chenye wagonjwa na sahani ya mchuzi wa moto mikononi. Akawa kidoa chekundu. Hakugeuka kokote.

Fausta alikaa kwenye kivuli cha jiwe, penye damu ya mwenzake, kongwa lililokufa miguuni. Shingo ilikuwa wazi. Upepo uliipuliza mahali ambapo haukuwa umefika kwa miaka mitatu. Alitema mate, akasubiri kichefuchefu kipungue, kama kilivyopungua kila mara bosi alipokwisha kutua.

Akasubiri sana. Hakikupungua. Ndipo alipojua kuwa hiki kilikuwa chake.